Harriet Powers, Mama Aliyeishona Biblia kwa Viraka

Wengi wetu twajua faida ya sindano na uzi. Nyumba nyingi za waumini wetu zina vitambaa vya mezani na vya viti vilivyofumwa au kutariziwa kwa mkono, na kanisani mara nyingi meza ya Bwana huvikwa nguo iliyopambwa na kina mama. Lakini kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni ya kupitishia wakati tu, shughuli nyingine zikiisha. Mwezi huu twapenda kusimulia maisha ya mama mmoja wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa, ambaye kwa kazi ya namna hiyo aliacha ushuhuda unaotazamwa na watu wa mataifa mengi mpaka leo. Jina lake ni Harriet Powers.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Watu wa Marekani, hasa wa sehemu zenye baridi, walikuwa na desturi ya kushona mifarishi, yaani matandiko ya kitanda yenye vitambaa viwili na pamba katikati, yakashonwa pamoja kwa mishono mingi ili pamba isisogee. Upande wa juu ulifanywa kwa vipande vya nguo vilivyounganishwa kwa ufundi. Miaka ya 1880 ilizuka namna nyingine iliyopendwa mno na wanawake wenye nafasi. Walikusanya vipande vya hariri na mahameli, wakavishona bila mpango wa pembe wala vipimo, kila kimoja na umbo lake, kisha juu ya kila mwungano wakatarizi kwa nyuzi za rangi: maua, ndege, utando wa buibui, na mishono inayofanana na manyoya. Mifarishi hiyo haikutengenezwa hasa kwa kulalia. Iliwekwa sebuleni ili wageni waitazame na kusifu mkono wa mwenye nyumba.

Mama Harriet hakuwa na hariri wala mahameli. Alikuwa na vipande vya nguo za pamba, sindano, na baadaye cherehani. Tena hakutaka kupamba tu. Alitaka kuhubiri.

KUZALIWA UTUMWANI

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba, 1837, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa, naye akawa mtumwa tangu siku ya kuzaliwa. Georgia ilikuwa nchi ya mashamba ya pamba, na watu weusi ndio walioipanda, wakaipalilia na kuichuma bila ujira. Sheria ya jimbo hilo ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika, maana mabwana waliogopa kwamba mtumwa anayejua kusoma hatatawalika.

Mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 17 au 18, aliolewa na Armstead Powers. Mungu aliwajalia watoto wapatao 9. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watumwa wote walifunguliwa, na Harriet alikuwa na umri wa miaka 27. Walitoka utumwani mikono mitupu, kama wenzao walio wengi. Hata hivyo walifanya kazi kwa bidii, na kufika miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao dogo la ekari 4. Kwa watu waliowahi kuhesabiwa wenyewe kuwa mali ya mtu mwingine, kumiliki ekari 4 hakukuwa jambo dogo.

MAONYESHO YA PAMBA, 1886

Mwaka 1886 kulifanyika Maonyesho ya Pamba mjini Athens. Pamoja na mazao na mifugo, watu walileta kazi za mikono, na Mama Harriet naye alipeleka mfarishi wake. Miongoni mwa waliopita kutazama alikuwa Jennie Smith, mwanamke wa kizungu, mchoraji na mwalimu wa sanaa katika shule moja ya wasichana mjini humo. Bi. Smith aliishi kusini maisha yake yote na aliijua mitindo mingi ya mifarishi, lakini alikuwa hajaona hata mara moja viumbe hai vikionyeshwa kwa viraka. Alisimama mbele ya kazi ile akastaajabu.

Mfarishi huo una picha 11, zimepangwa katika safu 3, na takribani zote zatoka katika Biblia. Kila picha imefanywa kwa kukata maumbo ya watu, wanyama, jua, mwezi na nyota katika vitambaa vya rangi, na kuyashonea juu ya kitambaa kingine, mahali pengine kwa mkono na mahali pengine kwa cherehani. Inaanza na Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni pamoja na wanyama na nyoka. Hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo: katika wanyama wale, aliyepewa miguu ni nyoka peke yake! Kisha tunamwona Hawa akiwa na mwana, Shetani katikati ya nyota saba, Kaini akimwua Habili, na damu ikitiririka juu ya ardhi, Kaini akienda nchi ya Nodi kutafuta mke, Yakobo amelala na ngazi yafika mbinguni, ubatizo wa Bwana wetu katika Yordani, kusulibiwa kwake, Yuda na vile vipande thelathini vya fedha, Karamu ya Mwisho, na mwisho Yusufu, Mariamu na Mtoto.

Tukitazama kwa makini twaona jinsi mama huyu alivyoitafakari kila habari. Katika picha ya msalaba aliweka duara nyeusi na nyekundu, kuonyesha giza lililoifunika nchi na mwezi uliogeuka kuwa damu. Katika Karamu ya Mwisho wanafunzi wamevaa nguo nyeupe zenye madoa, isipokuwa Yuda, ambaye alimvika kitambaa kilichofifia, maana moyo wake haukuwa pamoja na wengine. Hakuandika neno lolote juu ya nguo. Kitambaa chenyewe ndicho kilichosema.

DOLA TANO

Bi. Smith alimtafuta mwenye mfarishi akampata shambani kwake, akaomba kuununua. Mama Harriet alikataa, wala hakuwa tayari kuutoa kwa bei yoyote. Kwake ulikuwa kama mtoto aliyemzaa kwa mawazo yake.

Lakini miaka ile ilikuwa ya taabu. Bei ya pamba ilikuwa chini, na wakulima wadogo, weupe kwa weusi, walizama katika madeni. Miaka kama minne baadaye Mama Harriet alipeleka habari kwamba sasa yu tayari kuuza. Safari hii Bi. Smith ndiye ambaye hakuwa na fedha. Mwaka 1891 alimpelekea ujumbe kwamba angependa kuununua kama bado upo. Mama Harriet alikuja mjini juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, mfarishi wake ameupakata magotini, umefungwa katika mfuko safi wa unga, na juu yake gunia jingine.

Alitaka dola 10. Bi. Smith alisema hana zaidi ya dola 5. Mama Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, naye mumewe akaona kwamba kwa ugumu wa wakati ule afadhali azipokee. Basi akauza. Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo moja ambalo twamshukuru Mungu kwalo: alieleza maana ya kila picha, moja baada ya nyingine, naye Bi. Smith akaandika maelezo hayo. Bi. Smith akaahidi pia kwamba atamwekea mabaki yake ya vitambaa. Baadaye Mama Harriet alirudi mara kadha wa kadha kwa Bi. Smith, si kwa kudai kitu, ila kuutazama tu mfarishi wake.

Habari hii hutuchoma moyo. Tukisema Bi. Smith alimdhulumu tutakuwa tumekwenda mbali, maana aliitambua kazi ile wakati wengine walipita tu, akaitunza maisha yake yote, na bila kalamu yake tusingejua nusu ya haya tunayoyaeleza. Lakini tukisema biashara ile ilikuwa sawa, hapo pia tutakuwa tumeficha jambo. Aliyeuza alikuwa na shida, na mwenye shida hana nguvu ya kupanga bei. Kazi aliyoikatalia fedha yoyote wakati wa nafuu aliitoa kwa nusu ya alichoomba wakati wa dhiki. Yapo mambo kama hayo hata katika masoko yetu, na si vyema tuyapite tukifumba macho.

MFARISHI WA PILI

Mwaka 1895 kulifanyika maonyesho makubwa ya pamba katika mji wa Atlanta. Bi. Smith aliupeleka ule mfarishi huko, ukawekwa katika jengo lililotengwa kwa kazi za watu weusi, na watu wengi wakauona. Mama Harriet alishona mfarishi mwingine wa picha, na mwaka 1898 wake za walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta wakautoa zawadi kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York, aliyekuwa mkuu wa chuo cha theolojia cha Union na mmoja wa wadhamini wa chuo chao.

Mfarishi huu wa pili una picha 15, tano katika kila safu. Nyingi ni za Biblia: Ayubu akiwaombea adui zake, Musa akimwinua nyoka wa shaba, Yona na samaki mkubwa, Yohana akimbatiza Bwana, wanyama wawili wawili, malaika wenye vitasa saba vya ghadhabu, na msalaba. Lakini kati ya hizo alitia habari za mambo yaliyotokea Marekani, ambayo watu walikuwa wakisimuliana.

Kuna Siku ya Giza, tarehe 19 Mei, 1780, jua lilipofichwa mchana kaskazini-mashariki ya nchi hata watu wakadhani mwisho wa dunia umefika. Leo wataalamu wanasema ulikuwa moshi wa misitu iliyoungua mbali. Kuna usiku wa tarehe 13 Novemba, 1833, vimondo vilipoanguka kama mvua, watu wakakimbia ovyo kwa hofu. Mama Harriet alikuwa hajazaliwa, ila habari ilikaa katika vinywa vya wazee. Yeye akauonyesha mkono wa Mungu ukizizuia nyota zisiwaangamize watu. Kuna pia Alhamisi ya Baridi, tarehe 10 Februari, 1895, kama mwenyewe alivyoiita, ambayo aliishuhudia: mwanamke ameganda kwa baridi akiwa katika kuomba, mtu mwingine ameganda na chupa yake ya pombe, na pumzi ya nyumbu imegeuka barafu puani.

Picha nyingine ni ya nguruwe jike aitwaye Betts, ambaye habari zake zasema alikimbia maili 500, toka Georgia mpaka Virginia. Wengine waliochunguza kazi hii wanaona kwamba chini ya kisa hicho kuna kumbukumbu za watumwa waliokimbia kutafuta uhuru. Kwa vyovyote, mtu aliyezaliwa utumwani hakosi kuona maana katika kiumbe aliyeamua mwenyewe njia yake.

Jambo hili la kuweka habari za jana pamoja na habari za Biblia lina mafundisho. Kwa Mama Harriet, Mungu wa Ayubu na Yona hakuwa Mungu wa zamani tu. Ndiye aliyezizuia nyota mwaka 1833, na ndiye aliyekuwapo hata Alhamisi ile ya baridi kali.

Wako pia wataalamu waliolinganisha kazi zake na vitambaa vya Afrika Magharibi, hasa vya Abomey katika nchi ambayo sasa ni Benin, ambako mafundi wa wafalme walishonea maumbo ya watu na wanyama juu ya nguo kusimulia habari za ufalme. Watumwa wengi walichukuliwa kutoka pwani zile.

BARUA YAKE MWENYEWE

Kwa muda mrefu walioandika maisha ya Harriet Powers walidhani kwamba hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba habari zote za Biblia alizipata kwa kusikia mahubiri. Lakini mwaka 2009 mtafiti mmoja, Kyra Hicks, alitangaza nakala ya barua ambayo Mama Harriet aliiandika mwaka 1896 kwa mama mmoja wa Keokuk katika jimbo la Iowa. Humo alijieleza mwenyewe. Alianza kujifunza akiwa na miaka 11, kwa msaada wa watoto wa kizungu waliomfundisha sauti za herufi, na baada ya hapo siku za Jumapili alijitenga akajiendeleza peke yake. Mwaka 1882 aliingia katika kanisa la Baptist, na baadaye akashona mfarishi wa Chakula cha Bwana, wenye vipande 2,500. Alitaja na mifarishi mingine, ila mpaka sasa ni ile miwili tu inayojulikana kuwapo.

Tufikirie jambo hili. Sheria ilimkataza kusoma, akasoma. Watu wenye elimu walimtazama, wakaona mwanamke mweusi wa shamba, wakahukumu kwamba hajui. Ilipita miaka zaidi ya 100 hata sauti yake mwenyewe ikasikika. Nani ajuaye ni mama wangapi katika makanisa yetu tunaowahesabu kuwa hawana elimu, kumbe Neno la Mungu wamelihifadhi kuliko sisi tunaoshika vitabu?

KUFARIKI NA KUKUMBUKWA

Miaka ya mwisho haikuwa rahisi. Mapema miaka ya 1890 sehemu za shamba zilianza kuuzwa. Katikati ya miaka hiyo mumewe aliondoka, na Mama Harriet akaendelea kuishi bila yeye. Ipo picha yake moja ya wakati huo: amesimama, uso mtulivu, amevaa aproni aliyoishonea maumbo ya jua, nyota na msalaba, kama yale ya mifarishi yake. Alifariki tarehe 1 Januari, 1910, akiwa na umri wa miaka 72, akazikwa Athens katika makaburi ya watu weusi yaitwayo Gospel Pilgrim. Baada ya muda makaburi yale yaliachwa, vichaka vikamea, na jiwe lake halikujulikana lilipo mpaka mwaka 2005 lilipoonekana tena.

Mfarishi wa kwanza ulibaki kwa Bi. Smith hadi alipokufa mwaka 1946, na baadaye ukapelekwa katika jumba la makumbusho la taifa la Smithsonian, mjini Washington. Wa pili ulikaa katika ukoo wa Mchungaji Hall, ukauzwa kwa mtu aliyekusanya kazi za sanaa, naye akautoa kwa jumba la makumbusho la Boston mwaka 1964. Mwaka 2021 yote miwili iliwekwa pamoja katika maonyesho ya Boston, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa mahali pamoja. Watu walikwenda kutazama kile kilichonunuliwa kwa dola 5.

TUJIFUNZE NINI?

Sisi twaona mambo matatu katika maisha haya.

Kwanza, kina mama na kina dada mnaoshona na kutarizi, kazi yenu yaweza kuwa mafundisho. Tumezoea kutarizi maua na ndege, nayo ni mazuri. Lakini mbona tusitarizi pia habari ambazo watoto wetu wataziuliza maana yake? Mabaki ya fundi cherehani yanayotupwa kila jioni yatosha kuanzia.

Pili, tueleze kazi zetu na kuziandika. Mfarishi wa kwanza ungekuwa fumbo leo kama Mama Harriet asingekaa akaeleza, na mtu mwingine akaandika. Mwenye kitambaa kizuri kilichoshonwa na bibi yake, amwulize leo kilishonwa lini na kwa nini, amwandikie, akiwa bado yu hai.

Tatu, tuwalipe wenye kazi haki yao. Mara nyingi mama mjane hupita nyumba hadi nyumba akiuza vitambaa alivyovishughulikia usiku kwa taa, nasi twaona ni ushujaa kumpunguzia bei mpaka abaki na kitu kidogo. Tumkumbuke Mama Harriet juu ya gari la ng'ombe, kazi yake magotini. Tukiweza kutoa kumi, tusitoe tano.